Ndiyo ya Kuvuta

Mama yangu hakukubali kuhama nyumbani kwake. Alivuta pumzi tu. Kaka yake, mjomba wangu Thøger, akaisikia pumzi ile kuwa ni ndiyo, na kwa kuwa hapakuwa na mtu Denmark nzima aliyeijua pumzi ile kuliko yeye, sisi wengine tukanyamaza.

Nieleze kwanza hiyo pumzi, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Huku kwetu magharibi mwa Jutland mtu akiambiwa jambo, hasa jambo la huzuni, huitikia "ja", yaani ndiyo, lakini haitoi nje kama watu wengine. Huivuta ndani. Unasikia hewa ikipita kwenye meno kama upepo chini ya mlango. Jirani akikwambia ng'ombe wake amekufa, unaivuta. Mchungaji akisema marehemu alikuwa mtu wa kazi, kanisa zima linaivuta. Watoto wangu hawaifanyi. Mimi huifanya mara mojamoja nikichoka. Mama aliifanya kutwa nzima, hata akiwa peke yake na redio. Mtangazaji wa hali ya hewa akisema kesho upepo wa magharibi, mama anamvutia.

Mjomba Thøger alizaliwa katika nyumba ileile ya mama, yenye paa la nyasi na zizi upande mmoja, kwenye uwanda usio na mti wa kukinga upepo. Shuleni mwalimu wao alikuwa mtu wa Kopenhagen, na kila Thøger aliposema "mimi" kwa matamshi ya kwetu alivutwa sikio mpaka likawa jekundu. Mama, aliyekaa dawati la nyuma, alisema kaka yake hakulia. Alikuwa anamsikiliza mwalimu. Alisikiliza jinsi mwalimu anavyotukana. Mchungaji akaona kijana ana kichwa, akamtafutia nafasi ya kusoma mjini, na Thøger akaondoka na sanduku la mbao. Aliporudi likizo ya kwanza alikuwa akisema kama redio.

Akawa profesa wa lugha. Wenzake walishughulika na maneno. Yeye alishughulika na vilivyo katikati ya maneno. Kikohozi cha mtu kabla hajasema uongo. Kule kukwama kidogo kwa koo ambako kwetu ndiko kunakomtenga mke wako na mbwa wako, maana neno la "yeye mwanamke" na neno la "mbwa" ni moja, ila la pili unalikaba. Watu walidhani anatania. Kisha akaandika kitabu kuhusu ndiyo yetu ya kuvuta, kikasomwa Ulaya yote, na wanafunzi wakaanza kuja kutoka Norway, Uskoti, hata Japani. Aliwaleta jikoni kwa mama na mashine zao za kurekodi. Mama aliwakatia keki, akawamiminia kahawa, akawaangalia wakimwelekezea kinasa sauti.

"Wametoka mbali hivi," aliniambia siku moja, "kuja kunisikia nikihema?"

"Na wanalipwa, Mama."

"Basi na ng'ombe wawarekodi, nao wanahema."

Ndani ya kitabu hicho mjomba alisema ndiyo ya kuvuta ni mbili. Ile fupi maana yake nimekusikia, basi. Ile ndefu, inayoshuka mpaka tumboni, maana yake nakubali, ingawa inaniuma. Hii ya pili ndiyo iliyompa jina. Kitabu kilianza na kisa cha babu yangu. Thøger alikuwa mtoto, amejificha chini ya meza na mbwa, na bwana mmoja mwenye koti zuri alikuja kuzungumza na babu kuhusu malisho yetu ya kando ya fjord, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Bwana aliposema maneno yake, babu alivuta ndiyo ndefu ambayo Thøger hakuwahi kuisikia mfano wake. Baada ya hapo malisho hayakuwa yetu tena. Mtoto akaelewa kuwa mtu anaweza kukubali kwa pumzi jambo ambalo mdomo wake haukuweza. Kisa hicho mjomba alikisimulia kwenye kumbi za vyuo vikuu kote, na nasikia watu walikuwa wakifuta machozi.

Mimi naitwa Laust. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, nikaingia kazi ya kutandika mabomba ya kutoa maji mashambani, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Kitabu cha mjomba sikukimaliza. Lakini kisa cha babu nilikisoma, na nilikiamini kama wengine.

Mama alianguka kwenye banda la kuku, majira ya majani kupukutika. Nyonga ikavunjika. Alilala pale mpaka mama mpeleka barua alipomkuta. Hospitali wakamfunga vyuma, wakamrudisha, na mjomba akapanda treni kutoka Kopenhagen. Mimi naishi ng'ambo ya fjord na mke wangu Jytte, nikavuka na pantoni kwenda kumpokea. Nilimkuta ameshafika, ameketi mezani, koti limetundikwa.

"Laust, unanuka matope," alisema.

"Na wewe unanuka treni."

"Hiyo ni Kopenhagen."

"Ndiyo hiyohiyo."

Mama alicheka huku akikata mkate mweusi. Alikataa kusaidiwa. Alisimama ameegemea meza, uso umempauka, kisu mkononi.

"Sidsel," mjomba akamwambia, "ulilala kwenye kinyesi cha kuku karibu kutwa nzima."

"Sikuwa peke yangu. Kuku walikuwepo."

"Sidsel."

"Hawana neno baya, kuku."

"Nisikilize, dada yangu. Manispaa ina chumba kwenye nyumba ya wazee kule Lødum. Kina joto, kuna watu, kuna wauguzi. Nyumba hii jirani yako Villads yuko tayari kuichukua pamoja na shamba. Mimi sitarudi kuishi huku, na Laust ana kwake. Unakubali?"

Karatasi za nyumba zilikuwa kwa jina la Thøger kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Mama ndiye aliyekamua ng'ombe wa pale, aliyezaa pale, aliyemuuguza babu mpaka mwisho na kumzika baba yangu. Alisimama na kisu mkononi, akavuta ndiyo. Ilikuwa ndefu.

"Amekubali," mjomba akasema, macho yamemjaa maji.

"Amesikia," nikasema mimi. "Kusikia si kukubali."

"Kusikia ni ile fupi, Laust. Hii ilikuwa ndefu."

"Mimi sina mita ya kupimia. Muulize tena."

"Sidsel, si ndivyo? Unakubali?"

Mama akavuta tena. Ndefu vilevile. Akaweka vipande vya mkate kwenye sahani, akaisukuma katikati ya meza.

"Umeona?" mjomba akaniambia kwa upole. Hakuwa mtu wa kujivuna. Alinitazama kama anayenihurumia, na mimi nikala mkate, kwa sababu kweli ilikuwa ndefu na kitabu kilisema alichosema.

Kabla sijaondoka nilimfuata mama bandani.

"Mama, unataka kwenda?"

"Thøger amepanda treni mpaka huku."

"Hilo si jibu."

"Shika ndoo," akasema.

Lødum walimpokea vizuri. Sitasema neno baya juu ya watu wale. Chumba kilikuwa safi, dirisha likitazama maegesho ya magari. Kulikuwa na muuguzi kijana aitwaye Pernille, binti wa Kopenhagen, mchangamfu, mwenye mikono yenye joto. Siku ya kwanza alimwambia mama kuwa chakula cha mchana ni nyama ya nguruwe na viazi. Mama akavuta ndiyo yake. Pernille akageuka, akakimbia, akarudi na chupa ya oksijeni.

Mimi nilikuwepo. Nilimweleza kuwa hivyo ndivyo tunavyosema. Alitabasamu, akaniambia jamaa wengi huwa wanaona ugumu kukubali wazazi wao ni wagonjwa. Daktari akaitwa, akasikiliza kifua. Wakamwekea kengele kando ya kitanda. Baadaye kila mama alipovuta, mtu alikuja mbio na barakoa ya plastiki. Alikuwa akiambiwa kwamba mvua inanyesha, anavuta, wanamfunika pua.

Mwaka mpya ulipoingia nilipata kazi ya pampu za mabwawa kule kusini, Tønder, nikakaa huko karibu miezi miwili. Niliporudi mwishoni mwa Februari, mjomba alikuwa anakuja na mashine yake. Alikuwa amestaafu. Alitaka rekodi ya mwisho ya dada yake, maana katika parokia yetu yote hapakuwa na mwingine aliyevuta kama yeye. Wazee wa kule kwenye kinu cha nafaka walikuwa wamekufa, na wengine walikuwa wamechanganya na televisheni.

Aliweka mashine juu ya meza, akachomeka waya, akakaa kitako kama mtu aliyekuja kunywa kahawa tu.

"Baridi ya mwaka huu imekuwa ndefu, Sidsel."

"Ndiyo, ndefu sana," mama akasema.

Aliitoa nje. Safi, wazi, kama mtangazaji.

Mjomba akasogeza kiti. "Na Ingvard wa kinuni amefariki."

"Ndiyo, nimesikia. Inasikitisha."

"Wanasema aliteseka sana."

"Ndiyo, maskini."

Mjomba akazima mashine. Akatoka kwenda ukumbini, nami nikamfuata. Alimkuta Pernille anasukuma kigari cha vikombe.

"Mmemfanya nini dada yangu?"

"Samahani?"

"Ndiyo yake. Haivuti tena."

"Ah, ile ya kukosa hewa?" Pernille akatabasamu hadi masikioni. "Imepona kabisa! Tulimpa oksijeni, tukamfundisha kupumua taratibu. Hata daktari ameshangaa."

Mjomba akaketi kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa ukutani. Hakikuwa chake. Alikaa pale amefunga macho, na Pernille akamuuliza kama yeye pia anapata shida ya kupumua.

Tuliporudi chumbani mama alikuwa ameshasikia yote. Mlango ulikuwa wazi.

"Usimfokee mtoto wa watu, Thøger. Kila nikihema anakuja mbio na lile lichupa. Siku moja ataanguka avunje meno. Nikaona niache."

"Umeacha? Kitu kama hicho mtu haachi tu."

"Niliacha na sigara."

Mimi nilicheka. Mjomba hakucheka. Alimshika mkono.

"Lakini siku ile mezani uliitika, Sidsel. Ndefu. Mara mbili."

"Niliitika."

"Ulikubali."

"Nilivuta kama baba alivyovuta siku ya malisho."

"Basi ndiyo hiyo! Baba alikubali kuuza. Ilimuuma, lakini alikubali."

Mama alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mdogo wake aliyechafua nguo, ingawa Thøger ndiye aliyekuwa mkubwa.

"Baba hakuuza kitu, Thøger. Malisho yalikuwa yameshachukuliwa tangu mavuno, kwa deni. Yule bwana alikuja kumwambia tu. Wewe ulikuwa chini na mbwa, mimi nilisimama na sufuria ya maziwa, nikamwona uso. Hakuna aliyemuuliza. Mtu anavuta hivyo akiona hana la kufanya."

"Hana usemi," mjomba akasema polepole.

"Akiona neno limeshapita bila yeye."

"Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuuliza wazi, na Laust alikuwepo."

"Ulipita kwa Villads kwanza," mama akasema. "Niliiona teksi uani kwake. Ikakaa. Halafu ndipo ikaja kwangu."

Uwanda wetu ni tambarare. Ukiwa dirishani mwa jikoni unaona anayekuja tangu yuko barabara kuu. Mjomba alizaliwa pale na alikuwa amelisahau hilo.

Nilimwona anafikiri, na naamini alikuwa anafikiri mambo mawili kwa pamoja, dada yake na kitabu chake, na sijui kipi kilikuwa mbele. Kisha akauliza swali ambalo angeuliza mwanzo.

"Unataka kurudi?"

"Ndiyo," mama akasema, akiitoa nje. "Nataka kurudi nyumbani. Nataka nifie kule, si kwenye maegesho."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema anataka kitu.

Mjomba akasimama pale pale. Tukaingia kwenye gari langu, tukaenda kwa Villads. Njiani aliongea bila kupumzika. Atairudisha pesa yote, ataongeza juu. Atamlipa mwanamke wa kukaa na mama. Yeye mwenyewe atahamia chumba cha juu, na kuku watanunuliwa wapya. Alikuwa anaongea lugha ya kwetu. Sikuwahi kumsikia akiiongea kwa dhati, siku zote aliiongea kama anayeonyesha mfano.

Villads anafuga nguruwe, ni mnene, mpole, hana siri. Alitukuta uani akatupatia mkono uliokuwa na chakula cha nguruwe.

"Profesa! Umekuja kunifundisha kuhema?"

"Nataka kuinunua tena nyumba," mjomba akasema.

Villads aliacha kucheka. Alitazama kwangu, kisha kwake.

"Laust, wewe hukumwambia?"

"Nilikuwa Tønder," nikasema. "Nimwambie nini?"

"Nyumba haipo, Thøger. Nahitaji pale kwa banda jipya. Zimamoto wa parokia walikuwa wanatafuta nyumba kuukuu ya kufanyia mazoezi, nikawapa. Waliichoma wiki iliyopita, wakaizima, wakaichoma tena. Nyasi zile, zilishika vizuri." Akavua kofia. "Ningejua ningengoja. Mngesema tangu Novemba jamani. Karibuni kahawa."

Hatukunywa kahawa. Tulikwenda mpaka pale. Palikuwa na theluji pande zote, na katikati weusi wa mstatili wa ukubwa wa nyumba. Mabaki yalikuwa yamesukumwa shimoni. Mjomba alitembea ndani ya ule weusi, akasimama mahali nilipodhani palikuwa na jiko, halafu akaonekana kutokuwa na uhakika, akasogea. Viatu vyake vya mjini viliingia masizi.

"Tukamwambie," nikasema.

"Tutamwambia."

Njia yote ya kurudi alikuwa akifuta masizi viatuni.

Mama alikuwa amekaa kitini, koti lake liko mapajani. Pernille ndiye aliyemtolea kabatini.

"Villads amesemaje?" akauliza.

"Amekubali," mjomba akasema.

Aliisema kwa lafudhi ya Kopenhagen, nyepesi, kama mtu anayethibitisha saa ya treni. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Amekubali bila shida," akaendelea. "Ila bomba la maji limepasuka kwa baridi. Haiwezekani kukaa bila maji. Tungoje barafu iyeyuke, Laust atalitengeneza."

Mama akageukia kwangu. Maisha yangu yote yamekuwa mabomba.

"Itachukua muda, mwanangu?"

"Ardhi ni ngumu sasa," nikasema. "Haichimbiki."

Hilo lilikuwa kweli. Ndilo neno pekee la kweli lililosemwa mle ndani.

Kule nje kwenye maegesho nilimkamata mjomba mkono.

"Umemdanganya mama yangu."

"Ungemwambia nini wewe? Kwamba kaka yake amemchomea nyumba?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Mlango uko pale. Rudi umwambie."

Niliwasha gari. Upande wa pili wa kioo nilimwona mama dirishani akitupungia mkono, na mjomba akampungia pia.

Mwezi wa Machi mama alikuwa na nguvu kuliko mwaka mzima uliopita. Alimwomba Jytte amnunulie kitambaa cha mapazia ya jikoni, akataja vipimo bila kufikiri. Alimsimulia Pernille kuku mmojammoja, tabia zao, nani mwizi wa mayai. Alitembea ukumbini na fimbo mpaka mwisho na kurudi, kwa sababu alisema kutoka mlangoni mpaka bandani ni mbali zaidi. Na ndiyo ya kuvuta ikarudi. Pernille hakukimbia tena, mjomba alikuwa amemweleza. "Sasa najua si pumu," aliniambia. "Ni kuongea." Nilimwona siku moja anajaribu kuivuta yeye mwenyewe kwenye ukumbi, akapaliwa, akacheka.

Mjomba alikuwa akija kwa treni kila Ijumaa. Mashine yake ilikaa chini ya kitanda cha mama ndani ya sanduku. Aliketi ubavuni mwa mama, akamwambia kwamba banda limepakwa chokaa. Mama akavuta. Kwamba Villads amepitisha jembe la theluji njiani. Mama akavuta. Nyingine fupi, nyingine ndefu, nyingine za namna ambazo sikumbuki kuzisikia tangu utoto, kama za mtu anayeridhika. Mimi si mtaalamu lakini hata mimi nilisikia kwamba pale kulikuwa na kitu kipya.

"Rekodi basi," nikamwambia ukumbini. "Si ndicho ulichokuja kutafuta? Anavuta kuliko zamani."

"Siwezi."

"Mashine imeharibika?"

"Anaitikia nyumba ambayo haipo, Laust. Nikiirekodi, niandike nini chini yake? Kwamba mzungumzaji ana furaha?" Alifuta miwani. "Kila moja ya hizo nimeitoa kwake kwa uongo."

"Basi mwambie ukweli."

"Mwambie wewe."

Tulikuwa tumeshasemezana hivyo mara nyingi. Hakuna aliyemwambia. Jytte alisema sisi wawili ni kama watoto wanaosukumana mlangoni kwa daktari wa meno, na kwamba asingekuwa mkwe angeenda yeye.

Mama alifariki asubuhi moja mwishoni mwa Machi, moyo. Mitaro ilikuwa imeanza kujaa maji na ndege wa malishoni walikuwa wamerudi. Pernille alifungua dirisha kama tunavyofanya ili roho ya mtu itoke, akashusha bendera nusu mlingoti kule nje mbele ya magari. Alilia sana yule binti. Aliniambia mama alipoamka alikuwa na swali moja tu: kama ardhi imeshalainika.

"Nikamwambia imelainika," Pernille akasema. "Nilitoka nje nikakanyaga kuhakikisha. Nilikosea?"

"Hukukosea," nikamwambia.

Sijui kama mama alituamini. Nimejiuliza na nimeacha. Alikuwa mtu aliyeona teksi ikiwa bado kwa jirani.

Mazikoni watu walijaa kanisa. Mchungaji mpya, kijana kutoka Aarhus, aliposema Sidsel amefika nyumbani, nilisubiri kanisa livute. Walivuta wachache, wazee wa viti vya mbele. Mjomba alikuwa ameketi karibu nami. Yeye hakuitikia chochote, wala kwa kuvuta wala kwa kutoa. Baada ya kahawa ya matanga, Villads akiwa bado anakula keki, nilimwambia mjomba mbele ya watu kwamba aliuza nyumba ya mama yangu kwanza kisha ndipo akamuuliza. Akasema ni kweli. Akachukua kofia, akaenda kituoni kwa miguu, na sikumpa lifti.

Mwaka uliofuata alisimama mbele ya wenzake kule Kopenhagen akasema sura kuu ya kitabu chake ina makosa. Akasema ndiyo ndefu haina maana ya kukubali, na mtu wa kwanza aliyeisikia vibaya alikuwa mtoto chini ya meza. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alikuja huku kunihadithia. Alisema walimpigia makofi, wakamkumbatia, na nje wakasemezana kuwa mzee amefiwa na dada, tumwache. Kitabu kinachapishwa mpaka leo, na babu yangu bado anauza malisho ukurasa wa kwanza. Mjomba hakuandika kingine. Alipokufa nilisikia kwenye redio, nikiwa mtaroni, nikaendelea kuchimba.

Kwa hiyo nyumba ilikwenda, na pale pana nguruwe. Sauti ya mama ipo kwenye kanda za zamani kule chuoni, akiwajibu wageni kwa adabu huku anawamiminia kahawa. Ile ya Machi haipo popote. Mjomba alipoteza kazi ya maisha yake na dada yake, na mimi nikampoteza yeye akiwa bado hai. Mapazia Jytte aliyashona, hayana dirisha. Mama yangu alitaka kitu kimoja, akakisema mara moja, na akafa kwenye kitanda cha manispaa akikingoja.